Kasi ya Mzee Tull

Wiki yangu ya mwisho kazini Neema aliniuliza swali, na sikumjibu. Alikuwa ghalani Jordbro akiorodhesha kanda zetu za zamani, akanipigia simu. Neema ni mtoto wa Watanzania aliyezaliwa hapa hapa Stockholm. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, ila kusoma anasoma vizuri tu. Akasema, "Mzee Salim, mbona huyu Ephraim Tull ana makasha mawili? Moja lina herufi S, jingine lina W, na hili la W limeandikwa 'kasi mbovu'. Nilitupe?" Nikamwambia asiguse kitu, nikakata simu, nikaenda kula keki ya kuniaga.

Jibu lake ni refu. Naliandika kwa Kiswahili ili liwafikie pia ninyi mafundi vijana wa Dar na Nairobi mliopita kwenye karakana yetu kujifunza kusafisha santuri za zamani, kwa kuwa kosa nililolifanya mimi linawasubiri na ninyi. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vilichelewa. Habari hii ni ya santuri moja, kitufe kimoja, na wivu, na huo wivu ni wangu.

Nilifika Stockholm mwishoni mwa miaka ya sitini, kijana wa Muheza niliyekuwa natengeneza redio Tanga, nikaletwa kwa mafunzo ya mwaka mmoja. Mwaka huo haujaisha mpaka leo. Baada ya mafunzo nikapata kazi kwenye kampuni ndogo iliyokuwa ikitoa upya muziki wa kale. Karakana ilikuwa chini ya nyumba moja Södermalm, na dirisha lake lilionyesha miguu ya wapita njia. Fundi mkuu alikuwa Sixten, mzee mrefu mwenye koti la kijivu la kazini. Siku ya kwanza alinipa mkono akasema, "Niite Sixten." Waswidi ndiyo kwanza walikuwa wanaacha kuitana kwa vyeo, na mimi nimelelewa kumpa shikamoo mtu wa umri ule. Kumwita jina lake kavu kulinikwama kooni. Kwa wiki tatu nilianza kila sentensi kwa "samahani" ili nisilazimike kumwita chochote.

Alinifundisha kila kitu ninachokijua. Kuosha santuri kwa maji yaliyochemshwa na brashi ya manyoya laini, kufuata mifereji, siyo kuikata. Kuchagua sindano kwa kutazama mahali mfereji ulipochakaa, kwa sababu sindano nene inaweza kupita juu ya uchakavu ambao nyembamba inaukwaruza. Kukata mkwaruzo kwenye kanda kwa wembe, mmoja mmoja, vipande vidogo kuliko punje ya mchele, na kuunga bila mshono kusikika. Siku hizi mnabonyeza tu. Hongereni.

La mwisho alinifundisha kasi. Santuri zile ziliandikwa mizunguko sabini na minane kwa dakika, lakini mashine zilizozirekodi hazikuwa sawa. Nyingine zilikwenda taratibu, nyingine haraka. Ukikosea kasi wakati wa kuhamishia kwenye kanda, sauti inapanda au inashuka, na mwimbaji anageuka mtu mwingine. Kwa hiyo Sixten alikuwa na chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kinalia noti moja tu, haibadiliki. Tulikiita uma. Unaugonga gotini, unausikiliza, kisha unazungusha kitufe cha mashine mpaka gitaa lililo kwenye sahani ya santuri likubaliane nao. Mara nyingi kitufe kilisogea upana wa ukucha tu.

Saa tatu asubuhi tulikuwa na fika, yaani kahawa na kitu cha kutafuna, na fika ndicho kikao pekee Uswidi ambacho hakuna anayechelewa. Sixten alikuja na andazi moja la mdalasini kila siku, hakuwahi kuleta mawili. Siku nilipounga kanda yangu ya kwanza vizuri, alilikata andazi katikati akanisukumia nusu. Toka hapo nikaelewa: kazi ikiwa nzuri, nusu andazi, ikiwa ya kawaida, analila lote huku akitazama dirishani. Ninyi mna vyeti ukutani. Mimi nilikuwa na nusu andazi, na niliringa nalo.

Kisha akaja Wanjala.

Wanjala alikuwa Mkenya wa Bungoma, alikuja kusoma, akaoa muuguzi wa Kiswidi, wakawa wanaishi Jakobsberg. Aliajiriwa kufunga santuri kwenye makasha. Siku moja alipita na mzigo wake mlangoni kwetu wakati Sixten anahangaika na sahani moja kwa siku ya pili, akasimama akasema kwa Kiswidi kibovu kuliko changu, "Hapo kuna mtu wa pili. Anapiga nyuma, kwa gitaa ndogo." Sixten akarudisha sindano. Tukasikiliza. Mtu wa pili alikuwepo, na siku mbili nzima hatukuwa tumemsikia. Asubuhi iliyofuata Sixten alilikata andazi lake, nusu akampa Wanjala. Mimi nikatazama kikombe changu.

Nilimwonea wivu, na sitalipaka sukari neno hilo. Niliona wivu wa masikio yake, wa vidole vyake vilivyopiga gitaa wakati wa fika kana kwamba havikuwa na kazi nyingine, wa jinsi Sixten alivyokuwa akisema "muiteni Wanjala asikie". Mimi nilikuwa nimejifunza. Yeye alikuwa na kipaji tu. Kiswahili chake kilinipa pa kupumulia: kwake kila kitu kilikuwa "hii kitu". Nilikuwa namsahihisha mbele za watu, kwa kuwa ni hapo tu nilipomzidi. Alikuwa akicheka na kusema, "Asante mwalimu," na kesho yake anarudia vilevile.

Basi ikafika santuri ya Ephraim Tull. Mkusanyaji mmoja alituazima sahani tatu, pande sita, ndizo zote Tull alizowahi kurekodi. Tulijua machache. Mtu wa kusini mwa Marekani, wazazi wake walilima pamba ya wengine, yeye alibeba magogo kiwandani na kupiga gitaa Jumamosi. Alikuwa mmoja wa wale wa mwanzo kabisa walioimba bluzi, zile nyimbo za huzuni za Wamarekani weusi, mbele ya mashine ya kurekodi. Walimrekodi alasiri moja kwenye chumba cha hoteli, akarudi kwenye magogo yake, na habari zake zikaishia hapo. Watu walidhani amekufa zamani. Upande mmoja ulikuwa na wimbo wa treni, na huo ndio mwenye kampuni aliutaka uanze kwenye santuri mpya.

Sixten alikuwa hospitali akifanyiwa upasuaji wa nyonga. Kwa mara ya kwanza kazi ilikuwa yangu peke yangu. Nilizitunza sahani zile kama mayai. Niliziosha, nikajaribu sindano saba, nikapata moja iliyomtoa mtu yule kwenye mkwaruzo. Nikagonga uma, nikaanza kuzungusha kitufe. Kikasogea ukucha mmoja, na gitaa bado linalia chini ya uma. Kikasogea tena. Kilipokubali kilikuwa kimesogea upana wa kidole kizima. Hapo fundi mwenye akili angesimama akajiuliza. Mimi nilijiambia kwamba mashine ya hotelini ilikuwa mbovu, nikahamisha pande zote sita, nikaandika S ya Salim juu ya kasha.

Wanjala akaingia kuchukua makaratasi, akasikia.

"Salim bwana, hii kitu inakimbia."

"Santuri haina miguu," nikamjibu.

"Nasema kweli. Sikiza vile anavuta pumzi. Hakuna mtu hupumua hivyo kama hafukuzwi na mbwa."

"Nimetumia uma."

"Uma ni ya Sixten. Huyu mzee alitoa uma wapi? Baba yangu alikuwa na gitaa ya bei ya chini, shingo imepinda. Hiyo huwezi kaza, itavunjika. Unalegeza nyuzi zote, unaimba hapo chini. Na hii ni hivyo hivyo, nasikia ile ya chini ikigonga mbao. Si uteremshe kidogo tusikie?"

"Wewe umeajiriwa kufunga makasha," nikamwambia. "Kafunge."

Alinitazama kidogo. "Sawa," akasema. "Lakini umekosea."

Ijumaa nilikwenda kuswali. Siku zile tulikuwa na chumba cha kupanga, safari ya basi na miguu, nikawa nje kwa muda wa saa mbili. Niliporudi nilikuta kasha la kanda mezani, limeandikwa W. Wanjala alikuwa amezihamisha sahani upya, kwa kasi yake; Sixten alikuwa amemwonyesha mashine, hilo nalo nilikuwa nalijua na linaniuma. Juu yake kikaratasi: "Sikiza mara moja tu."

Nilisikiliza. Kabla mstari wa pili haujaisha nilikuwa nimejua. Kwenye kanda yangu aliimba kijana mwenye haraka. Kwenye ya Wanjala aliimba mtu mzima, sauti nzito, amechoka lakini hana papara, anavuta pumzi pale ambapo mtu huvuta pumzi, na uzi wa chini unagonga mbao mara kwa mara. Treni ilikuwa na mzigo. Halafu nikamfikiria Sixten akirudi, akiisikia, akilikata andazi, na nusu ile ikienda upande ule mwingine wa meza. Nilikuwa nimetoka kuswali muda ule ule. Nikachukua kalamu nikaandika kwenye lebo ya kasha "kasi mbovu", nikaliweka rafu ya juu kabisa, nikapeleka kanda yangu kwa mwenye kampuni.

Sixten alirudi kwa magongo mawili. Aliisikiliza kanda yangu mpaka mwisho, akaniuliza, "Umetumia uma?"

"Nimetumia."

Akalikata andazi akanipa nusu. Niliila yote, mpaka chembe za mezani.

Santuri ile ilipendwa kuliko zote tulizotoa. Ikavuka Uswidi, ikafika London, ikafika Marekani alikotoka mwenyewe. Vijana wenye nywele ndefu walikuwa wakikaa kwenye ngazi za jiji na magitaa yao, wakijaribu kuifikia ile kasi. Mmoja aliniambia amefanya mazoezi mpaka ncha za vidole zimetoka damu. Nilimpongeza. Baada ya miezi michache Wanjala akaacha kazi, akawa mtunzaji wa shule moja Jakobsberg. Alinipa mkono akaniambia, "Haya mwalimu." Sikumsahihisha.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini habari zikaja kwamba Ephraim Tull yu hai. Vijana wawili Wamarekani walioisikia santuri yetu walimtafuta mji kwa mji wakamkuta akifagia kanisa, ana gitaa la mtu mwingine kabatini. Wakamleta Ulaya. Onyesho la Stockholm lilikuwa Jumapili alasiri, kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi, na ulijaa. Akapanda jukwaani mzee mfupi mwenye kofia, akaketi, akalegeza nyuzi zote za gitaa geni walilompa, akaanza kuimba. Chini. Taratibu. Ilikuwa kanda ya Wanjala, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Nilitazama sakafu.

Watu walipiga makofi ya adabu. Nyuma yangu kijana akamnong'oneza mwenzake kwamba mzee kaisha, ndiyo umri. Kisha mmoja akapaza sauti, kwa heshima kabisa, akimwomba wimbo wa treni "kama kwenye santuri". Mzee akaitikia kwa kichwa. Akakaza nyuzi, akaanza kukimbia. Vidole vikajikwaa. Akaanza tena, vikajikwaa tena. Akaweka kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha, akasema, "Samahani jamani," akapiga wimbo wa kanisa.

Kesho yake asubuhi walimleta karakana amsalimie Sixten. Alikaa kwenye kiti changu, kofia gotini. Sixten, kwa nia njema, akamwekea santuri yetu. Wimbo wa treni ukapita wote na mzee hakutikisika.

"Unajua, mwanangu," akaniambia mimi, kwa Kiingereza chake cha kuvuta, "huyu kijana ananitangulia kila mji. Nikifika, ameshafika. Wananiomba nipige kama yeye. Hotelini najifungia najaribu kumkamata, simkamati. Mikono yangu sikumbuki kama iliwahi kwenda hivyo, lakini ndiyo imeandikwa hapo, jina langu." Akatazama vidole vyake. "Namwonea wivu. Mzee mzima namwonea wivu mtoto, na mtoto mwenyewe ni mimi. Hii treni siipigi tena. Namwachia."

Kasha la W lilikuwa rafu ya juu, hatua tatu kutoka kwenye kiti kile. Nilihitaji kunyoosha mkono tu. Ningemwambia: huyo kijana hayupo, nilimtengeneza mimi kwa kitufe hiki. Sixten angesikia, na angejua ni sikio la nani lililokuwa sahihi. Nikamuuliza mzee kama angependa kahawa. Akasema ndiyo, na maziwa. Nikaenda kuipika.

Akaondoka na treni ya mchana. Baada ya miaka michache tukasikia amefariki kwao. Sixten alistaafu, akaniachia uma na funguo, naye akafariki bila kujua. Karakana ikahama mara mbili, makasha yakapelekwa Jordbro, na mimi nikawa yule mtu ambaye wageni huletwa kumwona kwa sababu ya santuri ya Tull. Vitabu vimeandikwa kuhusu vidole vyake vya ajabu. Kuna shule za muziki zinazoifundisha kasi ile. Kila mpiga gitaa anayejikwaa kwenye treni ile anajikwaa juu yangu.

Na Wanjala? Tulionana kwenye harusi na misiba, kama watu wa kwetu wanavyoonana huku. Tulizungumza habari za watoto. Nilipomwona anapiga gitaa kwenye sherehe niliona wivu palepale, wazee wote wawili tumeota mvi. Neno la Tull hatukuligusa.

Jumamosi baada ya keki yangu ya kuagwa nilitoka kwangu Rissne, nikaenda Jakobsberg. Sikupiga simu kwanza, nikiogopa nitabadili nia njiani. Alinifungulia mlango amevaa sweta lake la bustani, akanikaribisha jikoni, akaweka chai. Nikamwambia yote: ile Ijumaa, kalamu, lebo, rafu, na mzee kwenye kiti changu. Nilimwambia kwamba nilijua kabla ya mstari wa pili. Ilinichukua muda mrefu kuliko hapa.

Wanjala alikoroga chai yake.

"Hiyo nilijua," akasema. "Wewe si kiziwi."

"Mbona hukumwambia Sixten?"

"Nilingojea wewe umwambie. Halafu nikachoka kungoja."

"Nilimwacha mzee wa watu aende na huzuni ile," nikasema. "Akafa akidhani ameshindwa na yeye mwenyewe."

"Aa, hapana." Akaweka kijiko. "Mimi nilikuwa kwa ukumbi siku ile. Nilikaa nyuma. Kesho yake nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda stesheni kumtafuta. Nikampata amekalia benchi na gitaa yake. Nikamwambia, mzee, huyo kijana hayuko. Ni mashine ilikimbizwa. Vile wewe unapiga ndiyo hivyo ulipiga. Nikamwonyesha kwa gitaa, nikalegeza nyuzi vile baba yangu alikuwa analegeza."

"Akasema nini?"

"Alicheka. Salim, huyo mzee alicheka! Alicheka hadi akateremka kwa benchi akaketi chini, watu wakadhani ameanguka. Akaniuliza ni nani alikimbiza mashine. Nikasema mashine ni mzee, haina akili. Halafu akanipigia hiyo treni yote, pale pale, polepole. Nusura akose yake."

Kwa hiyo Neema, usilitupe kasha la W. Ndilo lenye kasi sahihi. Litoe, liweke mbele ya kila anayetaka kumsikia Ephraim Tull, na uandike kwamba kazi ile ni ya Wanjala wa Jakobsberg. Lebo yangu usiibandue. Iache ionekane na mwandiko wangu. Na ninyi wa Dar na Nairobi, mkisafisha santuri za wazee wetu, uma wekeni mezani lakini msikilize kwanza pumzi, na mtu akipita mlangoni akawaambia inakimbia, mpeni kiti.

Nilidhani jikoni kwa Wanjala nitapata nafuu. Mzee hakufa na huzuni. Nilipaswa kushukuru, na kwa mdomo nilishukuru, nikanywa chai nikaaga. Lakini kwenye treni ya kurudi nilikuwa nakisikia kicheko kile ambacho sikuwahi kukisikia, cha mzee aliyekaa chini stesheni, na kifua kikaniwaka vilevile kama siku ile Wanjala alipopewa nusu andazi. Kicheko kile kilipaswa kuwa changu. Kilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti, nami nikaenda kupika kahawa.